UZI: Wafalme wa Wales walivyomalizana ndugu kwa ndugu mpaka Mwingereza akabeba nchi

Kobe Msomaji

Wakuu, ukitaja Wales kijiweni watu wanakwambia Gareth Bale, aliyeenda mbali sana atakutajia Wrexham, basi. Lakini hicho cheo cha Prince of Wales anachopewa mtoto mkubwa wa mfalme wa Uingereza kilikuwa na wenyewe, na wa mwisho aliyetambuliwa na Waingereza wenyewe kichwa chake kilichomekwa juu ya Mnara wa London. Wengi wanaihadithia kwamba Mwingereza kavamia kachukua, na kweli alivamia, ila mimi kadiri ninavyosoma naona Mwingereza mara nyingi alikuwa anaingia Wales huku ameshikwa mkono na mwenyeji, na huyo mwenyeji ni kaka, binamu au baba mdogo wa mfalme anayepigwa. Huo ndio msimamo wangu, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Kwanza ramani. Haikuwa nchi moja. Kaskazini magharibi, milima ya Snowdonia na kisiwa cha Anglesey, ndiyo Gwynedd, hao ndio wababe. Mpakani na Uingereza kuna Powys, hao wanabanwa pande zote kila siku. Kusini magharibi Deheubarth, kusini mashariki Morgannwg na Gwent. Katikati milima mitupu na mvua, kwahiyo hata uwe mbabe vipi kumshika mtu wa upande wa pili ni shughuli. Na mkiona "ap" au "ab" kwenye majina chukulieni ni "bin" tusonge mbele.

Sasa shida inapoanzia. Kwa desturi yao mtu akifa ardhi wanagawana watoto wote wa kiume, na sio wa ndoa tu, hata wa nje ilimradi baba alimkubali. Halafu watoto wa wakubwa hawakui pamoja, kila mmoja anapelekwa akiwa mdogo akalelewe kwa kigogo fulani, anakulia huko, watoto wa kule ndio anawaona ndugu wa kweli, mzee akifunga macho kila kigogo anataka yule aliyemlea yeye ndiyo akae kwenye kiti maana ndiyo ulaji wenyewe. Padri mmoja aliyezunguka Wales mwaka 1188 akihamasisha vita vya msalaba aliliona hili, akaandika kwamba hawa watu wanawapenda ndugu zao wakishakufa kuliko wakiwa hai. Na yeye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiwelisi.

Walikuwepo waliojaribu kuunganisha. Rhodri Mawr aliwachapa Waviking 856, akauawa na Waingereza 878, watoto wakagawana. Mjukuu wake Hywel Dda akaikusanya tena sehemu kubwa, huyu ndiye sheria za Wales zimeitwa kwa jina lake na kuna sarafu ya fedha imeandikwa jina lake. Akafa karibu na 950, na hapo hapo watoto wa binamu yake Idwal wakaichukua Gwynedd, wakawapiga watoto wa Hywel, halafu wakageukana wenyewe, Iago akamtia ndani ndugu yake Ieuaf.

Nikirudi nawaletea mwamba mmoja anaitwa Gruffydd ap Llywelyn.

dogo_wa_ndani

Nimekaa paleee siti ya mbele

Mama Wawili

Kobe usije ukatuachia njiani kama ule uzi wa Warumi.

Kobe Msomaji

Mama Wawili shikamoo, huu namaliza leo leo.

Haya. Gruffydd ap Llywelyn alikamata Gwynedd na Powys 1039, baada ya aliyekuwepo, Iago ab Idwal (sio yule Iago wa juu), kuuawa. Mwaka huo huo akawatandika Waingereza wa Mercia pale Rhyd y Groes. Ikamchukua miaka mingi kuibana Deheubarth, mpaka 1055 alipomuua mpinzani wake wa kusini, na mwaka huo huo akaenda kuchoma mji wa Hereford akishirikiana na Ælfgar, kigogo wa Kiingereza aliyekuwa amefukuzwa kwao. Akamuoa na binti wa Ælfgar, Ealdgyth. Huyu ndiye mtu pekee kwenye historia aliyewahi kutawala Wales nzima, kona zote, ingawa ni kwa miaka michache tu.

Ælfgar alipokufa Harold Godwinson, kigogo mwingine wa Kiingereza, akaona mlango umefunguka. Wakati wa baridi akavamia ghafla Rhuddlan ilipokuwa makao ya Gruffydd, jamaa akaponea baharini, Harold akachoma nyumba na meli zake. Mwaka 1063 akarudi na meli kutokea kusini na mdogo wake Tostig akashuka na jeshi la nchi kavu. Gruffydd akakimbilia milimani, na huko milimani tarehe 5 Agosti aliyemuua sio Harold, ni watu wake mwenyewe. Taarifa za Ireland zinamtaja Cynan, mtoto wa yule Iago aliyeuawa 1039, yaani kijana alikaa na kisasi cha baba yake miaka 24. Kichwa kikapelekwa kwa Harold, Harold akakipeleka kwa mfalme Edward wa Uingereza pamoja na pambo la mbele la meli yake.

Utamu uko hapa. Harold hakuichukua nchi aitawale yeye. Aliwapa Gwynedd na Powys wadogo wawili wa marehemu Gruffydd, yaani Bleddyn na Rhiwallon, mama mmoja baba tofauti, wakaapa kumtii mfalme wa Uingereza. Watoto wa Gruffydd wakakua, 1070 wakapigana na hao baba zao wadogo pale Mechain, mtoto mmoja kafa vitani, mwingine kafa kwa baridi akikimbia, Rhiwallon naye kafa. Bleddyn akauawa 1075 na mfalme wa kusini. Ndivyo familia ilivyomalizana.

Sungura Mjanja

Subiri kwanza, huyo Ealdgyth mke wa marehemu ilikuwaje?

Kobe Msomaji

Aliolewa na Harold huyo huyo aliyeletewa kichwa cha mumewe. Na Harold baadae akawa mfalme wa Uingereza, ndiye aliyekufa kwenye vita ya Hastings 1066, kwahiyo dada kawa malkia mara mbili na mjane mara mbili ndani ya miaka mitatu hivi.

Sungura Mjanja

Duh. Siongezi neno.

Wakili wa Kijiji

Mleta uzi, kazi nzuri ila hapo kwenye urithi umechanganya mafaili. Kugawana kwa watoto wote ni sheria ya ardhi ya mtu binafsi. Sheria hizo hizo za Hywel zikifika kwa mfalme zinataja mrithi mmoja tu, wanamuita edling, ana nafasi yake maalum ukumbini na heshima zake. Maana yake kisheria ufalme haukuwa wa kugawana. Waliogawana waligawana kwa mabavu halafu watu wa baadaye wakasingizia sheria. Kwahiyo usiseme sheria ndiyo iliyowaua, sema ni uroho wa madaraka, na huo kila nchi ulikuwepo. William mshindi wa Hastings akifa watoto wake walipigana pia, Henry I kamfunga kaka yake Robert kuanzia 1106 mpaka Robert anafia ndani 1134. Mbona Uingereza haikufa?

Kobe Msomaji

Wakili heshima yako, hiyo point ya edling ni kweli kabisa na ndiyo inanisaidia mimi. Sheria ilisema mrithi ni mmoja, haikusema ni nani. Aweza kuwa mtoto wa mfalme, kaka yake au mtoto wa kaka, yule ambaye mfalme atampa hiyo nafasi. Sasa una wanaume kumi ndani ya ukoo kila mmoja anafaa kwa mujibu wa sheria, mmoja kachaguliwa, tisa wana silaha na walezi wenye hasira. Na wakati huo huo kila mtu anajua kwamba kwenye ardhi ndugu wanagawana, kwahiyo hata akidai kipande chake cha ufalme watu wa kawaida wanaona ana haki.

Kuhusu Uingereza, tofauti ni kwamba Robert alipofungwa hakukuwa na jirani mkubwa mara kumi ya Uingereza aliyekuwa anamlisha Robert na kumuandaa. Wales jirani huyo alikuwepo.

Angalia nyumba ya Owain Gwynedd uone. Huyu alitawala Gwynedd 1137 mpaka 1170 na kwa kweli alikuwa kichwa. Lakini 1143 mdogo wake Cadwaladr, watu wake wanamuua Anarawd mfalme wa Deheubarth, ambaye alikuwa rafiki wa Owain na alikuwa karibu kumuoa binti wa Owain. Owain akamtuma kijana wake Hywel akachome ngome ya baba yake mdogo huko Ceredigion. Cadwaladr akavuka kwenda Dublin kukodi Waviking wa kule na meli zao, 1144 wakatia nanga Abermenai, walipofika ndugu wakapatana, Waviking nao wakamshika Cadwaladr wakidai malipo yao. Baadae Owain akamfukuza tena, Cadwaladr akaenda Uingereza, na 1157 mfalme wa Uingereza Henry II alipovamia Gwynedd nani alikuwa upande wake? Cadwaladr. Sharti mojawapo la amani likawa arudishiwe ardhi yake.

Mwaka 1152 Owain alimtoboa macho na kumhasi mtoto wa marehemu kaka yake, Cunedda, ili asije akadai kiti wala asizae wa kudai. Ndugu yake wa damu kabisa. Na bado huyu Owain ndiye wanamuita mmoja wa watawala bora waliopata.

Mama Wawili

Mtoto wa kaka yako unamtoboa macho halafu unaitwa bora. Haya.

Kobe Msomaji

Mama ilikuwa ndiyo siasa yao. Henry II naye 1165 alivamia, mvua ya milima ya Berwyn ikamrudisha na jeshi lake lote, akamalizia hasira kwa mateka aliokuwa nao, akawatoboa macho, na watoto wa Owain wakiwemo.

Owain alipokufa 1170 haikuisha hata miezi mingi. Yule Hywel aliyekuwa akitumwa vitani na baba, na pia alikuwa mshairi ambaye mashairi yake ya mapenzi yapo mpaka leo, mama yake alikuwa mtu wa Ireland. Mama wa kambo Cristin alikuwa na wanawe Dafydd na Rhodri. Wakamuua Hywel pale Pentraeth, Anglesey. Halafu Dafydd akawageukia wengine, akamfunga hata Rhodri mwenyewe waliyezaliwa tumbo moja, Rhodri akatoroka. Dafydd kuimarisha mambo yake akaoa dada wa Henry II wa nje ya ndoa, Emma. Unaona mchezo? Kila anayebanwa na ndugu anakimbilia Uingereza kutafuta mgongo.

Mwaka 1194 akatokea mtoto wa ndugu yao mwingine, kijana wa miaka kama 21, akawapiga baba zake wadogo mdomoni mwa mto Conwy. Ndiye Llywelyn ap Iorwerth, Llywelyn Mkuu.

dogo_wa_ndani

Sasa huyo ndo alitulia?

Kobe Msomaji

Huyu ndiye aliyeuelewa ugonjwa akajaribu kuutibu, kwahiyo kwake nakaa kidogo.

Alioa 1205 binti wa mfalme John wa Uingereza, Joan, wa nje ya ndoa, Wawelisi wanamuita Siwan. Haikumsaidia sana maana 1211 baba mkwe alikuja na jeshi akaichoma Bangor, ikabidi Joan aende kumbembeleza baba yake. Llywelyn akatoa mateka, akiwemo kijana wake mkubwa Gruffydd, mama yake sio Joan, ni mwanamke wa Kiwelisi aliyekuwa naye kabla. Kijana alikaa kwa Waingereza mpaka 1215, na kwenye Magna Carta yenyewe, ile hati maarufu, kuna kipengele kinasema mtoto wa Llywelyn arudishwe mara moja. Watu wanaisifia Magna Carta kila siku, hicho kipengele hawakisomi.

Llywelyn akatamba mpaka 1216 aliwaita watawala wenzake Aberdyfi akawa yeye ndiye anawagawia maeneo. Sasa akataka kuvunja desturi: mrithi awe Dafydd, mtoto wa Joan wa ndoa, peke yake, Gruffydd mkubwa asipate kiti. Akahakikisha kila mhuri. 1220 serikali ya Uingereza ikamkubali Dafydd, 1222 Papa akabariki, 1238 akawakusanya watawala wote Strata Florida wakaapa. Gruffydd akikorofisha anatiwa ndani, alikaa miaka sita ngome ya Deganwy.

Kwenye karatasi mzee alimaliza kila kitu. Tatizo Wawelisi wengi wa kawaida walimuona Gruffydd ndiye mwenzao, kazaliwa na mama wa kwao, mkubwa, kanyimwa haki yake ya siku zote ili apewe mjukuu wa mfalme wa Uingereza.

Sungura Mjanja

Kuna ile habari ya Joan na yule Mnorman kukutwa chumbani, mbona unaruka sehemu nzuri?

Kobe Msomaji

Haya kwa kifupi, William de Braose, 1230, kakutwa usiku chumbani kwa Llywelyn na Joan. Akanyongwa hadharani mbele ya watu wengi. Joan akafungwa kama mwaka hivi, halafu akasamehewa akarudi kwenye nafasi yake. Na binti wa de Braose bado akaolewa na Dafydd kama walivyokuwa wamepanga, mambo ya ukoo hayakusimama kwa ajili ya fumanizi.

Mzee akafa 1240. Dafydd tayari alikuwa kamfunga Gruffydd huko Criccieth. Mke wa Gruffydd, Senana, mwanamke jasiri sana, 1241 akaenda kuweka mkataba na mfalme wa Uingereza Henry III: mtoe mume wangu nitalipa marki 600 (marki ni kipimo cha hela cha enzi hizo). Henry akaingia Wales, akambana Dafydd, akamchukua Gruffydd kweli, halafu akampeleka Mnara wa London. Hakumuachia. Kwanini amuachie? Amepata dawa ya kumtishia Dafydd maisha yake yote, akikohoa tu anamwambia nitamleta kaka yako.

Tarehe 1 Machi 1244 Gruffydd akafunga mashuka akashuka dirishani, jamaa alikuwa mnene, kamba ikakatika, akavunjika shingo. Dafydd naye akafa 1246 bila mtoto. Ukoo ukabaki na watoto wanne wa Gruffydd: Owain, Llywelyn, Dafydd na Rhodri.

Wakili wa Kijiji

Hapo ndo pazuri, endelea. Ila bado nakuja na hoja ya hela.

Kobe Msomaji

Llywelyn ap Gruffydd 1255 akawapiga Owain na Dafydd pale Bryn Derwin ndani ya saa moja inasemekana. Owain kaka mkubwa akatiwa gerezani miaka 22. Ishirini na mbili! Dafydd akaachiwa mapema, na hapo ndipo Llywelyn alipofuga nyoka.

Dafydd 1263 kahamia kwa Waingereza. 1267 Llywelyn akapata mkataba wa Montgomery, Henry III akamtambua rasmi kuwa Prince of Wales na kwamba watawala wengine wa Kiwelisi wako chini yake, kwa bei ya marki 25,000. Dafydd akarudishwa nyumbani. 1274 Dafydd na mtawala wa Powys, Gruffydd ap Gwenwynwyn, wakapanga kumuua Llywelyn usiku wa tarehe 2 Februari, theluji ikawazuia. Siri ilipovuja wakakimbilia wapi? Uingereza kwa mfalme Edward I, na Edward akawapokea. Llywelyn akagoma kwenda kumuapia Edward, kila akiitwa hatokei, mojawapo ya sababu alizotoa ni hiyo, nitakujaje kwa mtu anayewafuga waliotaka kuniua. Edward na yeye akamteka baharini mchumba wa Llywelyn, Eleanor de Montfort.

Vita 1277. Askari wa miguu wa Edward walipita 15,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa Wawelisi. Rudia kusoma hiyo. Akapeleka meli Anglesey na wavunaji wakavuna ngano yote ya Llywelyn, milimani njaa, jamaa akasalimu amri. Dafydd alikuwa upande wa Edward.

Wakili wa Kijiji

Umeona sasa? Ngano, meli, wavunaji. Edward alikuwa anakopa kwa mabenki wa Kiitaliano, ngome zake za Wales peke yake zinakadiriwa zilikula kama pauni 80,000. Llywelyn anadaiwa marki 25,000 na nchi ya milima na ng'ombe, anawakamua wananchi wake mpaka wanamchukia. Hata wangekuwa ndugu wanaopendana kama malaika wangepigwa. Ugomvi wa ndugu ulichagua tarehe tu, kipigo kilikuwa kinakuja.

Kobe Msomaji

Hela nakubali ina uzito mkubwa, ila Henry II naye alikuwa na hela 1165, mwaka ambao Wawelisi wa Gwynedd, Powys na Deheubarth walisimama pamoja, hata Cadwaladr alikuwa na Owain siku hiyo. Alirudi na matope. Nitajie mwaka mwingine waliosimama hivyo.

Wakili wa Kijiji

Henry II hakuwa amezungusha ngome pwani nzima. Miaka 100 imepita hapo, mambo ya vita yamebadilika. Tukubaliane kutokubaliana.

Kobe Msomaji

Sawa mkuu. Namalizia. Dafydd baada ya kumtumikia Edward akaona alichopewa ni kidogo na maafisa wa Kiingereza wanamnyanyasa kwa sheria zao, Machi 1282 akavamia ngome ya Hawarden. Yaani aliyemuuza kaka yake ndiye aliyeanzisha vita ya ukombozi, na Llywelyn ikabidi aingie, mwezi Juni mkewe Eleanor kafariki kwa uzazi akamuachia binti, Gwenllian. Katikati ya vita Askofu Mkuu alileta ofa ya kichinichini: Llywelyn apewe ardhi Uingereza ya pauni 1,000 kwa mwaka aiache Snowdonia, Dafydd aende vita vya msalaba. Wakakataa wote, na hapo kwa mara ya kwanza hawa ndugu nawaona wako pamoja. Tarehe 11 Desemba Llywelyn akauawa karibu na Builth na askari ambaye hata hakujua anamchoma nani. Dafydd akajiita Prince of Wales miezi michache, Juni 1283 akakamatwa na Wawelisi wenzake, Oktoba akauawa Shrewsbury kwa kuburutwa na farasi, kunyongwa na kukatwa vipande vinne.

Mama Wawili

Na watoto?

Kobe Msomaji

Gwenllian alipelekwa mchanga utawani Sempringham, Uingereza, akakaa huko mpaka anakufa 1337. Watoto wawili wa kiume wa Dafydd wakafungwa Bristol, mmoja kafa 1287, mwingine Owain kazeekea humo, 1305 Edward aliagiza usiku awe analazwa kwenye kizimba cha mbao kilichofungwa vyuma. Edward alikuwa ameshaelewa mwanaume mmoja tu wa ule ukoo akiwa nje anatosha kuleta balaa.

dogo_wa_ndani

Rhodri yule wa nne vipi, umemsahau

Kobe Msomaji

Rhodri ndiye mjanja wao. Aliuza haki yake kwa Llywelyn kwa marki 1,000, akaenda kuishi Uingereza kama bwana mkubwa wa kawaida akafa kitandani. Lakini mjukuu wake Owain Lawgoch akaenda Ufaransa kuwa kamanda wa mamluki, akatangaza kwamba Wales ni yake kwa urithi na mfalme wa Ufaransa akampa meli. Waingereza wakatuma mtu, John Lamb, akajifanya mtumishi wake, akamuua 1378 wakati wa kuzingira Mortagne.

Sungura Mjanja

Alilipwa shilingi ngapi?

Kobe Msomaji

Pauni 20, ipo kwenye hesabu za serikali yao. Hapo upande wa wanaume wa nyumba ya Gwynedd ukafutika, ndiyo maana Owain Glyndŵr alipoinuka 1400 ilibidi adai kwa damu ya Powys na Deheubarth. Yeye namfungulia uzi wake, Wakili andaa hoja zako za hela.